Mtoto mlemavu asibaki nyumbani

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali nchini Kongo hazitozi karo, na sheria ya Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini kufuta karo hakumpi mtoto asiyeona kitabu cha nukta nundu, wala hakumfundishi mwalimu lugha ya alama.

Serikali ya jimbo, iliyoko mjini Kindu, ipeleke vifaa na mafunzo hadi shule za Kampene. Wazazi nao wasiwafiche watoto. Kamati ya wazazi, COPA, impe kiti mzazi wa mtoto mlemavu. Kumketisha mwenye uoni hafifu benchi la mbele, au kujenga mteremko mlangoni pa darasa, hakungoji bajeti ya Kinshasa.