Kofia ngumu ya mgonjwa: mafundi tunao, nani ataiagiza?

Bodaboda akipita bila kofia ngumu, trafiki anamsimamisha. Lakini mtoto mwenye kifafa anayeanguka mara kadhaa kwa wiki anakwenda shule kichwa wazi, na hakuna anayeuliza.

Kuna kofia ya kinga inayotengenezwa kwa kipimo cha kichwa cha mgonjwa mmoja. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi hawajawahi hata kuisikia.

Nani anaihitaji?

Kundi la kwanza ni wenye kifafa cha kuishiwa nguvu ghafla. Mgonjwa hapati hata sekunde ya kujikinga kwa mikono. Anadondoka kama mzigo, kichwa kikitangulia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kifafa kuwashika kama wangegunduliwa mapema na kutibiwa ipasavyo. Waliobaki, na wale ambao dawa haziwafikii, wanaendelea kuanguka.

Kundi la pili ni waliotolewa kipande cha fuvu, mara nyingi baada ya ajali, ili ubongo uliovimba upate nafasi. Fuvu huzibwa baadaye, pengine baada ya miezi. Kwa muda wote huo, upande mmoja wa ubongo hauna mfupa wa kuukinga. Kuteleza bafuni tu kunaweza kuua.

Kwa nini isiwe ya bodaboda?

Kwa sababu ni nzito kwa shingo ya mtoto, ina joto, na imeundwa kwa kishindo kimoja kikubwa. Ikishapigwa, povu gumu la ndani linabonyea na halirudi. Mgonjwa anahitaji kitu chepesi, cha kuvaa kutwa nzima, kinachohimili kuanguka mara nyingi. Tena kofia ya dukani inaweza kukandamiza palepale pasipo na mfupa.

Inatengenezwaje?

Fundi anachukua umbo la kichwa kwa bandeji za plasta, au kwa skana pale ilipo. Kwenye umbo hilo anaweka sponji, kisha plastiki iliyopashwa moto. Anatoboa matundu ya hewa na kuweka mshipi wa kidevuni. Pasipo na mfupa, ganda linainuliwa kidogo lisiguse. Mtoto akikua, anapimwa upya. Rangi anaweza kuchagua mwenyewe, na hilo si dogo kwa mtoto anayeogopa kuchekwa darasani.

Kazi hii inafanana sana na ile ya kutengeneza miguu bandia. Chuo cha TATCOT kilichopo Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia tangu 1981. Kwa hiyo ujuzi si jambo la kuagiza ng'ambo.

Basi tumekwama wapi?

Kwenye karatasi. Mwaka 2016, WHO ilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, iwe mfano kwa nchi kuandaa orodha zao. Viti vya magurudumu vimo, fimbo nyeupe zimo, hata saa zinazoongea zimo. Kofia ya kinga haimo. Na kifaa kisicho kwenye orodha ni rahisi kusahaulika kwenye bajeti na kwenye bima.

Wapo watakaosema: kofia haitibu, pesa ziende kwanza kwenye dawa. Ni kweli, dawa ndiyo mwanzo. Lakini mtoto hawezi kusubiri dawa imkubali huku akipasuka paji la uso kila mwezi. Na aliyetolewa kipande cha fuvu hana kidonge cha kuziba pengo hilo.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Huu ndio wakati wa kuuliza: kama mguu bandia ni kifaa cha tiba, kofia ya kulinda ubongo ni nini?

Wakati majibu yanasubiriwa, ukiwa na mgonjwa wa aina hii, usiondoke hospitali kabla ya kumuuliza daktari: "Je, anahitaji kofia ya kinga, na ni karakana gani itampima?"