Riace: Mji wa Italia uliofufuliwa na wageni

Mji mdogo wa Riace, katika mkoa wa Calabria kusini mwa Italia, ulipata jina ulimwenguni mwezi Agosti mwaka 1972, pale sanamu mbili za kale za Kigiriki, zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, zilipoopolewa baharini. Sanamu hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Reggio Calabria. Riace ilibaki na sifa tu, huku vijana wake wakihama kutafuta kazi kaskazini na ng'ambo. Katika mji wa kale ulioko mlimani, nyumba zilifungwa moja baada ya nyingine.

Mwaka 1998 mashua iliyobeba Wakurdi wapatao 200 ilitua katika pwani hiyo. Mwalimu mmoja, Domenico Lucano, aliona kwamba nyumba zilikosa watu na watu walikosa nyumba. Alipochaguliwa kuwa meya mwaka 2004, wazo hilo likawa sera. Wakimbizi, wakiwemo Waeritrea, Waethiopia na Wasomali, walipewa makazi na kazi za mikono. Fedha za serikali zilipochelewa, walipewa vocha za kununulia mahitaji madukani.

Hata hivyo, mwezi Oktoba mwaka 2018 Lucano alikamatwa, na wakimbizi wengi wakaondoka. Mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 13 kwa makosa yaliyojumuisha ulaghai na ubadhirifu. Mahakama ya rufaa mwaka 2023 ilifuta karibu mashtaka yote, ikabakiza kosa la kughushi waraka na kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa.

Wakosoaji wanasema sheria ni msumeno, na nia njema si kinga. Wanaomuunga mkono wanajibu kuwa hakujitajirisha. Wapiga kura nao walitoa hukumu yao mwezi Juni mwaka 2024, walipomrejesha kwenye umeya, siku zilezile alipochaguliwa kuwa mbunge wa Ulaya. Mwaka 2025 mahakama zilimvua umeya kutokana na hukumu ile.

Udhaifu wa Riace, hata hivyo, haukuwa mtu mmoja. Mpango wake ulitegemea fedha kutoka Roma, na mkono unaotoa ndio unaozuia. Italia ina vijiji vingi vinavyokosa watoto na wafanyakazi. Riace ilionyesha kwamba wageni wanaweza kufungua milango iliyofungwa. Haikupata muda wa kuonyesha kama wanaweza kubaki bila msaada huo.