Leso Yako Iko Wapi, Dada?

Mpenzi msomaji, ukishuka stendi ya Voi asubuhi, hebu simama kando uwatazame akina mama. Yule muuza ndizi amejifunga leso kiunoni. Mwenzake amembeba mtoto kwa leso mgongoni. Wa tatu ameikunja yake ikawa kata, na juu yake ametua kikapu. Sasa watazame mabinti zao. Suruali ya jinzi, fulana ya mtumba yenye jina la chuo cha Marekani ambacho mvaaji hajapata kukisikia. Leso hana.

Siwalaumu kwa jinzi. Mitumba imewavika wengi wetu tangu soko lilegezwe miaka ya 1990. Linalonikera ni ile aibu. Binti hujifunga leso akifua nyuma ya nyumba, lakini akitumwa dukani huivua kwanza. Mwulize sababu, atakuambia leso ni ushamba.

Ushamba gani huo? Leso ni mwana wa mjini. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa walivyovijua kwa jina la Kireno, wakavishona pamoja kuwa nguo moja. Mombasa nako duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, likavuma kwa leso zake zenye chapa ya “Mali ya Abdulla”. Nasi wa huku tulikuwa njiani: misafara iliyobeba nguo ilipita Voi hata kabla ya reli.

Tumeifanya yetu pia. Kule Wundanyi, ukungu ukishuka, leso hufungwa juu ya sweta, na hakuna anayecheka. Nenda soko la Taveta Jumatano au Jumamosi, utakutana na zilizovuka mpaka wa Holili kutoka Tanzania, ambako huitwa kanga. Hazina pasipoti.

Mwaka 2004 serikali na kampuni moja ya sabuni walitafuta vazi la taifa. Wabunifu walichora, vazi likazinduliwa, wakubwa wakapigwa picha. Je, umepata kuliona likivaliwa sokoni Mwatate? Kwa maoni yangu, walitafuta mbali kitu kilichokuwa kiunoni mwa mama zao. Wapo watakaosema leso nyingi huchapwa India. Ni kweli. Na suti ya mheshimiwa, je, ilifumwa Werugha?

Lakini ngoja siku ya msiba. Binti atafika kutoka Nairobi na jinzi yake, na kabla hajaingia jikoni kwa wanawake, shangazi atamfunga leso kiunoni bila kusema neno. Ni ya kuazima. Hapo ndipo ninapomhurumia: mtu mzima, mwenye kazi na mshahara, hana nguo ya kumlilia nyanya yake.

Kwa hiyo, dada msomaji, nunua jozi moja. Mpe fundi wa cherehani pale barazani aikate na kuipinda, kisha ifue mara mbili tatu ilainike. Ukinunua ya kumpelekea mama mkwe, soma kwanza jina lililoandikwa. Wapo waliopendezwa na rangi tu, wakajikuta wamemtukana mtu mzima mbele ya wageni.