KEKI IMEKATWA MOSHI, MWENZAO YUKO MWANGA GIZANI

Wadau, picha mmeziona. Kiplefti cha Mnara wa Saa pale Moshi, baiskeli zimenyanyuliwa juu, keki ya ghorofa mbili, droni inazunguka, na yule mwanadada wa filamu katikati, helmeti kaishika mkononi ili nywele zionekane. Chini kaandika kwamba wametoka Dar na wamemaliza wote.

Sasa hesabuni vichwa. Dar walitoka nane, na picha ya kuondoka bado ipo kwenye ukurasa wake. Moshi wako sita.

Mashabiki wameng'ang'ania ile klipu ya bodaboda inayoonyesha baiskeli ya staa imefungwa juu ya Noah, yeye kiti cha mbele, kiyoyozi kinapuliza. Hilo liwekwe pembeni. Zaidi ya kilomita 500 si mchezo, magoti yana mwisho wake, na gari la msaada lipo kwa kazi hiyo hiyo. Angesema tu "nimechoka, nimepanda gari", nusu ya mji ingempenda zaidi. Kushuka Kiboriloni, kujimwagia maji usoni yafanane na jasho, halafu kuingia mjini unapiga pedali, hiyo ni kiki ya kawaida. Bongo tumeona kubwa zaidi.

Kesi ni wale wawili.

Mmoja ndiye fundi wa kundi. Kwa mujibu wa watu waliokuwa kwenye msafara, pancha zote kuanzia Chalinze kaziba yeye. Cheni ya staa ilikatika Mkata, akaiunga yeye. Na kwa kuwa ana mwili mkubwa, alikaa mbele muda mwingi. Mtu asiyeendesha baiskeli hawezi kulielewa hili haraka: anayekaa mbele anaukata upepo, wa nyuma anaponea kwenye mgongo wake na kuokoa nguvu nyingi. Ndiyo maana waungwana hupokezana. Upepo wa Same haujui nani ana wafuasi wangapi, lakini siku ile mgongo wa kuukinga ulikuwa mmoja.

Mbele kidogo ya Mwanga, spoku zake mbili zikakatika. Gurudumu likapinda, likawa linasugua breki. Begi la spana, spoku za akiba na taa, mali yake mwenyewe, liko kwenye Noah. Na Noah imeshatangulia na mpiga picha, kwa sababu droni ilitaka jua la jioni. Simu ya dereva iliita weee, haikupokelewa. Dada mmoja kwenye kundi akageuza baiskeli, akarudi kukaa naye. Wengine walisema watawasubiri Himo. Himo wakapita.

Fundi akafungua breki ya nyuma gurudumu lipate kupita, wakaenda hivyo hivyo, moja pole mbili pole, mpaka kijiwe cha baiskeli Himo, ambako kijana mmoja alilinyoosha gurudumu kwa spana ya kuazima. Keki ilikatwa saa kumi na moja jioni. Wao wameingia Moshi saa mbili usiku.

Anayeijua ile barabara anajua maana ya hiyo saa mbili. Malori, mabasi yanayowahi, Noah zinazopishana, na wewe uko pembeni unamulika kwa tochi ya simu yenye chaji asilimia tisa. Kwenye Tour de France mtu anayeshika mkia anaitwa taa nyekundu, kama ile ya behewa la mwisho la treni, na watu humshangilia. Hapa taa nyekundu halisi ilikuwa ndani ya begi, begi ndani ya gari, gari limeegeshwa hotelini.

Watetezi wamekuja na utetezi wao. Eti anahamasisha mazoezi. Wauza mkaa wanaotoka Pugu na magunia mawili juu ya Foniksi wanahamasisha nini, na nani kawakatia keki? Eti mdhamini alitaka picha kabla jua halijazama. Sawa, mpeni picha. Lakini Noah ilikuwa na dereva, tangi limejaa, na baada ya picha ilikuwa na saa nzima ya kurudi Himo. Haikurudi. Na kibaya kuliko vyote, yule dada alipoweka komenti akiuliza "na sisi?", komenti ikafutwa.

Juzi staa katangaza safari ijayo, Dar mpaka Mbeya, na inasemekana fundi ameshapigiwa simu aje azikague baiskeli kabla ya kuondoka.

Wadau, mngekuwa nyie mngeipokea hiyo simu? Tiririkeni hapo chini.