Kunukuliwa Si Kusifiwa: Majibu kwa Baraza la Chumbageni

Jioni Chumbageni, hapa Tanga, kahawa ikishamiminwa mara ya pili, mazungumzo huacha mpira na kugeukia watu. Juzi yaliwaangukia watafiti wa malaria wa mkoa wetu, hasa wale wanaochunguza kinga ya mwili. Kijana mmoja, mwanafunzi wa uzamili aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, alifungua simu akatusomea ukurasa wa mtafiti fulani: ana makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi, kipimo chake cha h ni kingapi. Kwa tarakimu hizo tatu akatoa hukumu. Mimi nilitafuna kashata nikanyamaza, maana kubishana na simu mbele za watu ni kujitafutia fedheha. Majibu yangu nayaandika hapa.

Alianza kwa kusema kwamba h ndiyo mizani ya mwanasayansi. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Hesabu yake ni nyepesi: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Sasa chukua mtu aliyeandika makala moja tu maishani, ikanukuliwa mara 5,000. H yake ni 1. Mwingine ana makala 15 za wastani, kila moja imetajwa mara 15 na wenzake wa chumba cha pili. Huyo ni 15. Mizani inayosema wa pili amemzidi wa kwanza mara kumi na tano haifai hata kwa dagaa, sembuse kwa elimu. Tena h haishuki. Mtafiti akistaafu akaenda zake Pangani kuvua, inaweza kuendelea kupanda bila yeye.

Na fani hazilingani. Wanaofanya kazi ya kinga ya mwili ni wengi duniani, wana maabara kubwa na orodha ndefu za marejeo, kwa hiyo hunukuliana sana. Anayechunguza matende na mabusha, maradhi ambayo mtu wa pwani hii hahitaji kuelezwa, ana wenzake wachache wa kumtaja. Kuwaweka wawili hao kwenye jedwali moja ni kushindanisha ngalawa na treni.

Hukumu ya pili ilikuwa kwamba anayenukuliwa sana ndiye anayesifiwa. Hapa nina mfano wa karibu. Mwaka 2016 Mtanzania Ally Olotu alikuwa mwandishi wa kwanza wa makala katika New England Journal of Medicine kuhusu watoto 447 wa Kilifi, ng'ambo tu ya mpaka wetu, waliofuatiliwa kwa miaka saba baada ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Habari haikuwa ya kupigiwa vigelegele: kinga ilififia mwaka hadi mwaka, na ukijumlisha miaka yote saba, ufanisi ulibaki asilimia 4.4. Wapo wanaoitaja makala hiyo kuonya, wapo wanaoitaja kudai dozi ya nyongeza, na wapo wanaoitaja ili kuibishia. Kikokotoo kinawahesabu wote sawa, moja moja. Kwangu mimi thamani ya makala ile imo katika uvumilivu wa kuwarudia watoto walewale miaka saba, ukapata jibu ambalo hakuna aliyelitamani, na bado ukalichapisha.

Hukumu ya tatu ndiyo iliyoniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli. Alisema watu wetu ni majina ya katikati: damu inatoka Muheza, sifa zinakwenda Marekani.

Tuanze na nusu ya kweli. Katika makala za tiba, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na la mwisho ni la mwenye maabara na fedha. Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha ugunduzi wa PfSEA-1, protini ya kimelea cha malaria. Kingamwili zikiishika, kimelea kinashindwa kutoka katika seli nyekundu ya damu, kinabaki kama mwizi aliyefungiwa ndani ya nyumba anayoiibia. Protini hiyo ilipatikana kwa kulinganisha plazma ya watoto wa Muheza waliokuwa wagumu kushikwa na malaria na ya wenzao waliokuwa wepesi. Jina la kwanza ni Dipak Raj, la mwisho ni Jonathan Kurtis, wote wa upande wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Hapo kijana ana hoja, na sitaifunika kwa mkeka. Akina mama waliowabeba watoto wao kwenda kutolewa damu hawaingii katika kipimo chochote.

Lakini kutoka hapo hadi kusema watu wetu ni wabeba chupa ni mbali. Mwaka 2005 Lancet ilitoa majaribio ya dawa yaliyofanyika Muheza, mwandishi wa kwanza akiwa Theonest Mutabingwa. Siku ya 14, amodiakwini peke yake ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 42 ya watoto, lakini dawa tunayoiita mseto ilishindwa kwa asilimia 1 tu. Mwishoni mwa 2006 mseto ukaanza kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini. Mama aliyepewa vile vidonge zahanati hakumnukuu mtu, na kwa hiyo hayumo katika hesabu ya mtafiti yeyote.

Vilevile mwaka 2008, katika New England Journal, zilitoka takwimu za RTS,S kwa watoto 894 wa Korogwe na Kilifi: matukio ya malaria yalipungua kwa asilimia 53. Jina la pili katika orodha ni John Lusingu, wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba. Kisha yakaja majaribio makubwa zaidi, watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, Korogwe na Bagamoyo vikiwemo. Ripoti ya mwisho ilitoka katika Lancet mwaka 2015, na mahali pa mwandishi palisomeka jina la ushirika mzima wa majaribio. Ukitafuta jina la mtu mbele, hulipati, awe wa Korogwe, awe wa Ulaya. Watu wamo katika orodha ndefu huko ndani. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike. Simu ya kijana wetu ilionyesha nini kuhusu kazi hiyo ya Korogwe? Sikumwona akiteremsha ukurasa hadi kwenye majina.

La mwisho aliloropoka, wakati vikombe vinasuuzwa, ni kwamba makala za zamani ni za makumbusho. Katika miaka ya 1930 Donald Bagster Wilson aliongoza kitengo cha malaria hapahapa Tanga, akapima damu za wanavijiji na kuandika jinsi watoto wadogo wanavyojaa vimelea huku wakubwa wakiwa navyo vichache, kwa sababu wamejenga kinga kwa kuugua mara kwa mara. Lugha yake ni ya kikoloni, na mengine humo yanasomwa kwa kukunja uso. Ila swali la kwa nini mkubwa anapona ambapo mtoto anakufa ndilo lilelile lililowapeleka wenye PfSEA-1 kwa watoto wa Muheza karibu miaka 80 baadaye. Kipimo cha hadhi ya majarida, kile kilichotokana na kazi ya Eugene Garfield, huangalia makala za miaka miwili tu iliyopita. Kwa kipimo hicho Wilson hayupo kabisa.

Tulipokuwa tunainuka nilimwomba kijana kitu kimoja: atafute makala nyingine ya Mutabingwa ya 2005, ile ya PLoS Medicine, kuhusu malaria ya mama katika kondo la nyuma na jinsi inavyobadili hatari ya mtoto kulingana na idadi ya mimba alizobeba mama huyo. Inasomwa bure. Akaipata, akaanza kutafuta imenukuliwa mara ngapi. Mzee mwenye birika, aliyekuwa kimya jioni nzima, akamuuliza wamechunguza watoto wangapi.

"Mia nne hamsini na tatu, babu."

"Wa wapi?"

Kijana akateremsha ukurasa, safari hii taratibu. "Wa Muheza."