Ardhi Husema, Nasi Hatusikilizi

Simameni kando ya barabara ya Malaba, vijana, mahali malori yatokayo Mombasa yanapongoja kuvuka mpaka kuingia Uganda. Lori moja likisogea, nyayo zenu zitausikia mtetemo. Watu huuita adha. Mimi nauita elimu inayomwagwa njiani bila mtu wa kuikinga.

Mtetemo ule haufi mahali ulipozaliwa. Hutambaa juu ya uso wa ardhi kama wimbi litambaavyo ziwani. Mwaka 1885 Rayleigh, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kwa hesabu aina moja ya mawimbi hayo. Mwaka 1911 mwenzake, Love, akaeleza nyingine. Wimbi fupi hugusa udongo wa juu tu, na refu hufika chini zaidi: lenye urefu wa mita 30 huleta habari za kina cha mita 10 hadi 15. Katika udongo laini mwendo wake ni kama mita 200 kwa sekunde. Katika itale isiyo na ufa hukaribia mita 3,000. Basi apangaye jiofoni, yaani vyombo vidogo vya kunasa mitetemo, katika mstari mmoja, akapima kasi ya kila wimbi, hujua palipo na mwamba imara na palipo na mwamba uliooza, wala hakuinua jembe.

Wako wasemao kwamba hiyo ni anasa ya mataifa tajiri. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwaka 1990 wataalamu wa Ulaya na Marekani, pamoja na wenzao wa Kenya, walilipua baruti katika Ziwa Turkana na mahali pengine, wakayapima mawimbi yapitayo ndani ya ardhi. Wakagundua kwamba ganda la dunia lina unene wa kilomita 20 hivi chini ya Turkana, na 35 hivi chini ya Naivasha. Kazi ile ilihitaji baruti. Sisi wa mpakani twaletewa mtetemo bure, usiku na mchana, na bado twalia umaskini!

Wengine husema kwamba mababu waliijua miamba bila vyombo. Ni kweli Wasamia walifua chuma na kutengeneza majembe yaliyosifiwa. Lakini hawakubahatisha: walilichunguza jiwe kabla ya kulitia motoni. Je, sisi twafanya hivyo? Pande zote mbili za mpaka wa Busia vijana huteremka mashimoni kutafuta dhahabu, na ukuta wa shimo usipojulikana nguvu zake, shimo huwa kaburi. Nyumba za ghorofa nazo huinuliwa juu ya udongo ambao hakuna aliyeuuliza kama utazibeba.

Asiwadanganye mtu kwamba mawimbi haya yataonyesha dhahabu. Hayatafanya hivyo. Yataonyesha udhaifu wa ardhi, na kwa mchimbaji uhai ni bora kuliko dhahabu.

Kwa hiyo nasema: ardhi ipimwe kwanza, shimo lichimbwe baadaye, na hesabu ya mawimbi isibaki ubaoni, itoke ifike barabarani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa mkuu ni ardhi yenyewe. Imekwisha kusema. Nani kati yenu atakayesikiliza?