Siku Nilipopoteza Sikio la Kuazima



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kusikia na Mwenye kuona. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu, wiki hii nitawasimulia jambo langu mwenyewe. Nimelificha kwa miaka miwili, na sasa naona kuendelea kulificha hakuna faida kwangu wala kwenu.

Mimi husikia kwa kifaa.

Ilianza darasani. Binti mmoja wa madrasa alikuwa akinisomea, nikamrudisha mara tatu kwenye herufi moja. Mahali pa tha mimi nilisikia sini. Mara ya nne machozi yakamtoka, na mwenzake aliyeketi kando akanyanyua mkono, akasema, "Maalim, amesoma sawa." Nikawauliza wengine, wote wakainamisha vichwa. Mtoto alikuwa amesoma sawa tangu mara ya kwanza. Aliyekosea ni sikio langu.

Daktari alinieleza kwamba sauti za sini, swadi, tha, fa na shini ni nyembamba, na aghalabu hizo ndizo hutangulia kupotea sikio linapochoka. Sauti nene hubaki. Ndiyo maana mtu wa hali yangu husema, "Nakusikia, lakini sikufahamu." Wanangu wakachanga, wakaninunulia vifaa viwili vya kuvaa nyuma ya masikio. Nikawaomba wasimwambie mtu. Kofia na kilemba vikanisitiri.

Sasa njooni Nairobi. Nilikwenda kumzuru binti yangu aliyeolewa Kawangware. Siku ya Ijumaa nikapanda matatu nambari 46 hadi mjini, nikaswali katika Msikiti wa Jamia. Nilipotaka kutawadha nilivua vifaa vyangu, nikavifunga katika karatasi laini, nikavitia mfuko wa kanzu. Khutba ilitolewa kwa kipaza sauti, na kwa kuwa nilipata maneno mawili matatu, nikaona uvivu kuvivaa tena. Baada ya swala nikapita sokoni City Market, nikatoa leso mara kadhaa kujifuta jasho, nikapanda gari kurudi. Nilipofika nyumbani kwa binti yangu na kuifungua ile karatasi, mlikuwamo kifaa kimoja tu, nacho ni cha sikio la kushoto, ambalo ndilo bovu zaidi.

Simlaumu mtu. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Mimi ngamia wangu nilimfunga kwa karatasi.

Kesho yake nilirudi mjini. Hapa pana sheria ambayo wengi wetu twaisahau: Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kutangaza kitu chake kilichopotea ndani ya msikiti, kwa kuwa misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo. Basi nilisimama nje ya mlango, nikawauliza walinzi na wauza miswaki. Nikaenda kituo cha matatu, na kondakta mmoja kijana akaandika nambari ya binti yangu kwenye simu yake, Mwenyezi Mungu amlipe. Na wewe unayeokota, sheria yako ni hii: ujue sifa za kile ulichookota, ukihifadhi, na ukitangaze mwaka mzima ikiwa ni kitu cha thamani. Kifaa cha masikioni ni kidogo kama punje ya kunde, hata mtu hukidhania takataka, lakini mwenyewe hulala bila usingizi kwa ajili yake. Vingi vina nambari iliyochapwa ubavuni, na ukikipeleka kwa wauzaji wa vifaa hivi, huenda wakamtambua mwenyewe.

Kifaa hakikupatikana. Sasa nakiri kosa lililo kubwa kuliko kukipoteza: sikumwambia mtu. Siku tatu nilikaa katika nyumba ya binti yangu nikiitikia kwa kichwa. Mtu akicheka, nami nacheka. Akinyamaza, nasema "Alhamdulillah." Usiku wa Jumatatu mjukuu wangu wa miaka sita alikuja akaniegemea gotini, akasema jambo kwa sauti ndogo. Nikampapasa kichwa, nikamwambia, "Mashaallah, mwanangu, vizuri sana."

Binti yangu alikuwa mlangoni. Akasimama mbele yangu ili niuone mdomo wake, akasema, "Baba, mtoto amekwambia tumbo lamuuma."

Ndugu zangu, mtoto alikuwa na homa tangu alasiri. Alikuja kwa babu yake kwa sababu mama yake alikuwa jikoni, na babu yake akamsifu. Tulimpeleka zahanati usiku ule, akapewa dawa, akapona, walhamdulillah. Lakini mimi sikupona upesi. Nilijiuliza ni mangapi mengine niliyoyaitikia kwa "mashaallah".

Twajua kwamba Qur'ani inapozitaja neema hizi mbili, mara nyingi hutanguliza kusikia kabla ya kuona. Tena imetufahamisha kwamba sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Mimi nilidhani aibu ni kuonekana na kifaa. Aibu ya kweli ni kuuacha wajibu wa sikio kwa kuogopa macho ya watu.

Asubuhi yake tukaanza kutafuta badala. Duka la kwanza, katikati ya jiji, lilitaka Sh75,000 kwa kifaa kimoja. La pili, upande wa Westlands, likataka Sh62,000. Mwalimu wa madrasa hana fedha hizo mkononi, nanyi mwajua. Mwanangu wa Mombasa akaniandikia kwamba angeweza kukopa kwa simu usiku uleule. Nikamjibu, "Mwanangu, nisiisikie Qur'ani kwa fedha za riba." Mkopo unaolipwa kwa ziada ni riba, hata ukiitwa ada, na hata ukiwa ni wa jambo jema.

Milango ya halali ipo, nami nitaitaja niliyoijua.

Wa kwanza ni kununua kwa mafungu. Muuzaji aweza kukutajia bei ya taslimu na bei ya kulipa polepole iliyo juu zaidi. Hapana ubaya kwa kauli ya wanazuoni wengi, maadamu mtaafikiana bei moja kabla ya kuachana, na isiongezwe ukichelewa.

Wa pili ni karadha njema ya jamaa au chama cha akina mama. Iandikeni na muishuhudize.

Wa tatu ni zaka. Asiyeweza kununua haja yake ya lazima huingia katika mafakiri au maskini, na wanazuoni wetu wa Kishafii wameeleza kwamba fundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za kazi yake. Kwa mwalimu, sikio ni zana. Lakini angalieni: mtoto mwenye uwezo asimnunulie mzazi wake mhitaji kifaa kisha akakihesabu kuwa zaka. Hiyo ni nafaka iliyo wajibu juu yake, na zaka yake ingali shingoni mwake.

Wa nne ni haki yenu kama raia. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lenye afisi zake barabara ya Waiyaki, Westlands, husajili watu baada ya kupimwa na madaktari wa serikali, na lina hazina inayosaidia kutoa vifaa kama hivi. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kitengo cha masikio, pua na koo. Msisubiri mpotelewe ndipo mjisajili, kwa kuwa jambo hili lina foleni. Na msione haya kuitwa wenye ulemavu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji matibabu au msaada. Sisi si wachache.

Lakini msikimbilie vile vikuza sauti vya bei rahisi viuzwavyo mitaani. Hivyo hukuza kila sauti kwa pamoja, honi na neno, na sauti kali yaweza kulidhuru hata sikio lililobaki. Kifaa cha kweli hupangwa kwa kufuata kipimo chako.

Tulikuwa katika hesabu hizo aliponijia jirani wa binti yangu, mama mjane. Mumewe alikuwa fundi wa mageti, na kelele za chuma za miaka mingi zilimharibu masikio. Alifariki mwaka uliopita. Yule mama akatoa kibweta kidogo, akakifungua mbele yangu. Mlikuwamo vifaa viwili, safi, na betri zake bado zimefungwa. Akasema, "Sheikh, nimesikia habari yako. Hivi vimelala kabatini tangu arobaini ya marehemu. Je, yafaa nikupe sadaka, thawabu zimfikie?"

Wallahi, mkono wangu ulitaka kwenda. Nikauzuia, nikamwuliza, "Mama, marehemu ameacha nani?" Akasema ni yeye, na kijana wa miaka ishirini, na binti wa miaka tisa, na baba mzazi wa marehemu aliye hai.

Nikamwambia, "Kibweta hiki si chako peke yako. Ni mirathi, kama cherehani na kama baiskeli. Wewe una thumni, mkwe wako ana sudusi, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na binti fungu moja. Wakubwa waweza kusamehe. Wa miaka tisa hawezi kusamehe, wala hapana wa kumsamehea. Tena mimi ni mwenye haja na kitu hiki, wala haifai nikufutie jambo ambalo faida yake yaniangukia mimi. Nenda kamwulize imamu wa msikiti wenu."

Alikwenda, na imamu akampa jibu lilelile, kisha akaongeza njia. Babu mzaa baba ndiye walii wa mali ya yule binti, naye aweza kuuza kwa bei ya haki ikiwa kuna maslahi, na fungu la mtoto likahifadhiwa. Tulivipeleka kwa fundi wa vifaa. Akasema kimoja kina nguvu inayolingana na sikio langu la kulia, na bei ya haki ni Sh18,000. Kupima upya, kukipanga na kutengeneza kizibo kipya cha sikio, kwa kuwa kizibo cha mtu hakimwenei mwingine, ikawa Sh9,000. Wanangu walichanga kwa siku mbili. Babu alipokea fedha mbele ya mashahidi wawili, na fungu la binti likaandikwa katika daftari.

Wakubwa walitaka kunirudishia mafungu yao. Nikakataa, nikawaomba kile kifaa cha pili, ambacho nacho kilipewa bei, wakihifadhi hadi apatikane mhitaji mwingine. Tazameni makabati yenu, ndugu zangu. Huenda mna sikio la mtu limelala humo. Mkubaliane warithi, mlinde haki ya wadogo, kisha mlitoe.

Kabla sijaaga, niwape mambo machache ya kushika.

Mnapotawadha, kupaka maji masikioni ni sunna katika madhehebu yetu, si nguzo. Mwenye kuogopa kupotelewa katika msongamano akiliacha, udhu wake ni sahihi. Ama katika josho la wajibu, vueni, kwa sababu maji lazima yafike nje ya sikio lote.

Kiwe na kibweta chake chenye kufungika, si karatasi. Ziko kamba ndogo za kukishikiza nguoni, na kwa mama anayevaa mtandio hiyo ni kinga kubwa, maana kifaa hutoka pamoja na mtandio bila kuhisi. Vueni mtandio juu ya kitanda, si juu ya sinki.

Andikeni nambari ya kifaa na mhifadhi karatasi ya kipimo. Ulizeni siku ya kununua kama muuzaji ana dhamana ya kupotea.

Na zile betri ndogo za mviringo ziwekeni mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, msingoje asubuhi, mkimbizeni hospitali saa ileile.

La mwisho, semeni. Kama kuna mzee nyumbani anayecheka wengine wakicheka na kuitikia kila neno, msimkasirikie wala msimpigie kelele. Kaeni mbele yake apate kuuona uso wenu, mseme taratibu, kisha mmpeleke akapimwe.

Nilirejea Mombasa juma lililofuata. Yule binti wa madrasa alinisomea tena, akafika pale pale pa tha, akasita, akanitazama. Nikamwambia mbele ya darasa, "Endelea. Siku ile ulisoma sawa, na Maalim ndiye aliyekosea." Kisha nikavua kofia, nikawaonyesha.

Ewe Mola, tustareheshe kwa masikio yetu na macho yetu maadamu watupa uhai, utusitiri bila ya kutufanya wenye kiburi, na umrehemu fundi yule ambaye sikio lake sasa lasikiliza Qur'ani kichwani mwangu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.